Ninunue kadi ya sauti ya nje, au tatizo liko kwingine?

Wapendwa washauri,

Hongereni kwa kazi. Narekodi masomo ya sauti nyumbani, na mara nyingine naimba huku napiga gitaa. Laptopu yangu ni ya Windows na ina tundu moja tu la sauti, lile la duara la milimita 3.5. Nimenunua maiki ya dainamiki ya kushika mkononi yenye kichwa cha XLR (kile kinene cha pini tatu), pamoja na waya unaotoka XLR kwenda jeki ya milimita 3.5.

Yanayonisumbua ni haya. Sauti yangu inasikika kwa mbali, kama niko chumba cha pili, na vibonyezo vya kibodi vinasikika kuliko mimi. Nikipandisha kiwango kwenye mipangilio, unakuja mchakacho wa shhh usiokoma. Chumba nacho kinarudisha mwangwi. Halafu nikiunganisha spika za mezani huku chaja imechomekwa, kuna mvumo wa zzz. Nikichomoa chaja, unakatika hapo hapo. Kwenye hedifoni siusikii. Kubwa zaidi, nikiimba juu ya gitaa nililokwisha kulirekodi, najisikia nimechelewa, na mwisho vitu viwili hivyo haviendi pamoja.

Hedifoni zangu zimeandikwa omu 32, na nikisikiliza muziki sina malalamiko.

Rafiki yangu anasema ninunue kadi ya sauti ya nje yenye matundu manne ya maiki na uwezo wa kilohezi 192. Kaka yangu anasema ni kutupa pesa, kadi ya ndani inatosha. Muuzaji naye kanionyesha kijidude kidogo cha USB chenye matundu mawili ya milimita 3.5, akasema kitamaliza kila kitu. Nimsikilize nani?

Msomaji wenu

JIBU

Ndugu msomaji, kwa maiki uliyo nayo na kazi unayoifanya, kadi ya nje unaihitaji. Ila si ya matundu manne, na si kile kijidude. Ujue pia kwamba mwangwi hautaondoka kwa kununua kadi, na mvumo wa spika huenda usiondoke. Tukueleze kila kitu kwa nafasi yake, maana dalili zako zina vyanzo tofauti, na watu wengi hununua kifaa kimoja wakitarajia kiponye vyote.

Kabla hujafungua pochi, fanya jaribio hili. Fungua programu ya kurekodi, Audacity ya bure inatosha, uanze kurekodi. Kwaruza taratibu wavu wa maiki kwa ukucha. Kisha kwaruza fremu ya skrini ya laptopu karibu na kamera, na pembezoni mwa kibodi. Sikiliza. Kilichotoa mkwaruzo mkubwa ndicho kinachorekodi. Tunashuku sana kwamba utakuta ni laptopu yenyewe, na kwamba hiyo maiki uliyoinunua haijawahi kurekodi hata neno moja. Vibonyezo kusikika kuliko wewe ndiyo dalili iliyotufanya tushuku: maiki ya ndani ya laptopu iko sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vyako.

Sababu iko kwenye jeki. Tundu moja la laptopu limeundwa kwa hedifoni za simu, zenye maiki ndani yake. Jeki yake ina miguso minne: ncha ni sikio la kushoto, pete ya kwanza ni sikio la kulia, pete ya pili ni ethi (njia ya kurudia umeme), na shina ni maiki. Chukua waya wako uhesabu ile mistari myeusi kwenye jeki. Ukikuta miwili, jeki hiyo ina miguso mitatu tu, na shina lake refu linagusa ethi na maiki kwa wakati mmoja. Laptopu ikiona hivyo inahesabu kwamba hapo zimechomekwa hedifoni tupu, na inaendelea kutumia maiki yake ya ndani. Ishara ya maiki yako, kwa upande wake, inaishia kwenye mguso wa sikio la kushoto, ambao ni mlango wa kutokea sauti, si wa kuingilia.

Kipo kigawanyio, kiunganishi chenye jeki moja ya miguso minne na matundu mawili nyuma, moja la maiki na moja la hedifoni. Kwa kigawanyio hicho maiki yako itafika mahali pake. Lakini hapo unakutana na tatizo la pili, ambalo ndilo linalotufanya tuseme nunua kadi.

Maiki ya dainamiki, aina isiyolishwa umeme, hutoa umeme mdogo mno. Nyingi huwa karibu na milivolti 2 kwa shinikizo la paskali moja, yaani sauti ya desibeli 94, ambayo ni kubwa kuliko mtu anavyozungumza kawaida. Ukizungumza kwa utulivu, unapata chini ya milivolti moja. Tundu la laptopu linategemea kale kamaiki ka hedifoni za simu, ambako kana kikuzaji kidogo ndani yake na hutoa mara kadhaa zaidi ya hapo, kikiendeshwa na volti mbili tatu zinazotoka kwenye laptopu yenyewe. Ili maiki yako isikike unalazimika kupandisha nyongeza ya Windows hadi desibeli 20 au 30, na nyongeza hiyo haichagui: inakuza sauti yako na inakuza mchakacho wa saketi ya laptopu kwa kiasi kile kile. Shhh unayoisikia sasa inatokana na mambo hayo hayo, maiki ya ndani iliyo mbali na mdomo na nyongeza iliyopandishwa mno. Ukibaki na tundu hilo hilo, itabadilisha sura tu.

Kwa hiyo kaka yako ana haki nusu. Kadi ya ndani inatosha kabisa kwa kusikiliza. Hedifoni za omu 32 hazihitaji nguvu: volti moja inazipa miliwati 31, na hizo ni nyingi. Ingekuwa za omu 250, volti hiyo hiyo ingezipa miliwati 4 tu, na hapo tungezungumza mengine. Upande wa kusikiliza, wewe huna ugonjwa. Udhaifu uko upande wa kuingiza sauti.

Kile kijidude cha USB tunakishauri kwa mtu ambaye tundu la laptopu yake limeharibika, au anayetaka kutumia hedifoni zenye jeki mbili kwa mikutano ya mtandaoni. Kitatatua suala la miguso, lakini mlango wake wa maiki umeundwa kwa maiki zile zile ndogo, kwa kawaida ni wa mono (njia moja tu ya sauti), na hauna kikuzaji cha kuinua dainamiki. Utatoka kwenye mchakacho mmoja uingie kwenye mwingine.

Sasa kadi yenyewe. Unachotafuta ni kile ambacho mafundi wa studio huita intafesi, kisanduku kidogo kinachopata umeme kwenye USB. Matundu mawili ya kuingizia yanakutosha: moja la XLR kwa maiki, na la pili linalopokea jeki nene ya milimita 6.35 kwa gitaa, likiwa na swichi iliyoandikwa Inst au yenye alama ya gitaa. Swichi hiyo ina kazi. Pikapu ya gitaa, kile kinasa cha mtikisiko wa nyuzi, inataka mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja. Ukiichomeka kwenye mlango wa kawaida wa laini (Line), nyuzi nyembamba zinafifia na gitaa linasikika limezibwa. Kama gitaa lako ni la mbao lisilo na pikapu, mlango huo hauuhitaji. Utalirekodi kwa maiki.

Kitu cha kwanza kusoma kwenye karatasi ya vipimo ni geni, yaani kiasi ambacho kikuzaji cha maiki kinaweza kuinua sauti. Kwa maiki ya dainamiki usikubali chini ya desibeli 55, na 60 ni salama zaidi kama wewe ni mtu wa sauti ya chini. Geni ikipungua utajikuta umezungusha kitufe mpaka mwisho na bado unapandisha tena kwenye programu, na mchakacho unarudi kwa mlango wa nyuma. Kipimo cha pili ni kelele ya mlango wa maiki, inayoandikwa kwa kifupi EIN. Karibu na −128 dBu ni nzuri sana. Kadi isiyotaja kabisa namba hiyo, iulize maswali.

Swichi ya 48V utaikuta karibu kwenye zote. Ni umeme wa maiki za kondensa, aina isiyofanya kazi bila kulishwa umeme, na yako haiuhitaji. Iache imezimwa. Ukiiwasha kwa bahati mbaya huku maiki imeunganishwa kwa waya mzima wa XLR, dainamiki haidhuriki, lakini usiwashe wala kuzima huku hedifoni ziko masikioni, kwa sababu ya mlipuko wa sauti unaotokea.

Na tafadhali nunua waya wa XLR kwa XLR. Ule wa jeki ya milimita 3.5 hauna kazi tena hapa, na watu husahau jambo hili mpaka wafike nyumbani.

Kuhusu matundu manne: hayo ni ya anayerekodi ngoma, au watu wanne kwa wakati mmoja. Kuhusu kilohezi 192: kurekodi kwa kilohezi 48, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kila sekunde, kunashika sauti hadi kilohezi 24, na sikio la binadamu linaishia karibu na 20. Unachokipata juu ya hapo ni mafaili makubwa. Stereo ya biti 24 kwa kilohezi 192 inakula takriban megabaiti 69 kila dakika. Somo lako la mono kwa kilohezi 48 linakula chini ya 9. Chagua biti 24 na kilohezi 48, utulie. Biti 24 zina maana, kwa sababu zinakuruhusu kurekodi kwa kiwango cha chini bila woga, kisha ukapandisha baadaye.

Hebu tuje kwenye kuchelewa kwa sauti, maana hapa ndipo waimbaji wengi hukata tamaa bure. Sauti yako inaingia, inakusanywa kwenye bafa (hifadhi ya muda ya kompyuta), inapita kwenye programu, inakusanywa tena kwenye bafa ya kutokea, ndipo ikufikie sikioni. Bafa ya sampuli 256 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 5.3 kwenda tu, na 5.3 nyingine kurudi. Bafa ya 1024 ni milisekunde 21 kila upande. Kwa njia ya kawaida ya Windows jumla hufika makumi ya milisekunde, na mwimbaji huanza kukwazika ikipita kumi hivi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kadi yenye draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) yake ya ASIO, njia fupi ya kupitisha sauti kwenye Windows, iliyotengenezwa na kiwanda chenyewe. Zipo kadi zinazokuelekeza utumie ASIO4ALL ya bure. Inafanya kazi, ila draiva ya kadi yenyewe huwa tulivu zaidi. Ya pili, na kwako ndiyo kubwa, ni swichi ya kujisikiliza moja kwa moja, iliyoandikwa Direct Monitor. Ukiiwasha, sauti inatoka kwenye maiki kwenda hedifoni ndani ya kadi, bila kupita kwenye kompyuta. Huchelewi kabisa kwa kiasi cha kusikika. Kadi isiyo na swichi hiyo usiinunue. Ukishaiwasha, zima kujisikiliza kwenye programu ya kurekodi, la sivyo utajisikia mara mbili, moja ya sasa na moja iliyochelewa, na utadhani kadi ni mbovu.

Kama rekodi mpya bado inakaa nyuma ya gitaa kwa kiasi kile kile kila mara, programu nyingi, Audacity ikiwemo, zina mahali pa kuandika fidia ya ucheleweshaji kwa milisekunde. Kwanza weka fidia hiyo iwe sifuri. Cheza mdundo wa saa, uurekodi kwa kuweka hedifoni juu ya maiki, pima kwenye skrini umbali kati ya mdundo wa asili na ule uliorekodiwa, kisha, kwenye Audacity, uandike namba hiyo kama hasi.

Mvumo wa spika ni habari nyingine kabisa. Unakatika ukichomoa chaja, na hausikiki kwenye hedifoni. Hiyo ni dalili ya mzunguko wa ethi. Laptopu imeunganishwa na umeme wa ukutani kupitia chaja, spika nazo kupitia waya wake, na waya wa sauti unawaunganisha tena hao wawili. Mkondo mdogo unazunguka kwenye ethi ya waya wa sauti, na spika zinaukuza. Hedifoni hazina waya wa ukutani, ndiyo maana ziko kimya.

Anza na lisilo na gharama: chomeka chaja na spika kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo unapungua au unaisha. Ukibaki, kuna kitenganishi cha ethi, kichupa kidogo chenye transfoma mbili ndani kinachokaa katikati ya waya wa sauti, hakitaki umeme. Kadi ya nje itaondoa mvumo huo pale tu matundu yake ya kutokea yatakapokuwa ya mizani, yaani jeki nene ya miguso mitatu au XLR, na spika zako nazo ziwe na mlango wa namna hiyo. Kama spika zina mlango wa milimita 3.5 au RCA (yale matundu mekundu na meupe), mzunguko unabaki pale pale, kwa sababu ethi inasafiri pia kwenye waya wa USB. Kuna watu hukata pini ya ethi ya plagi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo hata siku moja: pini hiyo ndiyo inayokulinda umeme ukivujia kwenye bodi ya kifaa.

Mwangwi wa chumba unatibiwa kwa umbali na vitambaa. Sogeza maiki hadi sentimita 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisiipige. Kila unapopunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kama desibeli 6 huku mwangwi ukibaki pale pale. Blanketi nzito nyuma yako na mbele ya ukuta unaoutazama litafanya zaidi ya kifaa chochote tulichokitaja humu.

Ukishaipata kadi, weka draiva kwanza kutoka kwenye tovuti ya kiwanda, ndipo uchomeke. Ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, si kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake; mlango wa USB 2.0 unatoa miliampea 500, na ukigawanywa na kipanya na diski, kadi inaweza kukatika katikati ya somo. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, chagua kadi upande wa kuingiza na wa kutoa, weka kilohezi 48 pande zote mbili, uzime maboresho yote ya sauti. Chagua kadi hiyo tena ndani ya programu ya kurekodi, maana programu hukumbuka kifaa cha zamani.

Geni ipange hivi: zungumza kwa sauti ya juu kabisa utakayoitumia kwenye somo, sio ya kujaribu jaribu, uzungushe mpaka vilele vifike kati ya desibeli −12 na −6 kwenye kipimo cha programu. Vikigonga sifuri sauti imepasuka, na hakuna dawa ya baadaye.

Utakayokutana nayo mwanzoni ni mawili. Sauti kusikika sikio la kushoto tu: umerekodi stereo, na tundu la kwanza ni la kushoto, badilisha njia iwe mono. Na mikwaruzo ya tk-tk isiyo na mpangilio: ongeza bafa hadi 512, zima uokoaji wa umeme wa USB kwenye mpango wa umeme wa Windows, na ujaribu kuzima Wi-Fi wakati wa kurekodi. Mikwaruzo ikiendelea, endesha LatencyMon, programu ya kuchunguza kinachochelewesha sauti, kwa dakika kumi. Itakuonyesha jina la draiva inayoishikilia kompyuta, na mara nyingi huwa ya mtandao au ya kadi ya picha. Isasishe hiyo, wala usirudishe kadi dukani.

Ukiamua kununua iliyotumika, kwanza hakikisha kiwanda bado kinatoa draiva ya toleo lako la Windows. Zenye tundu la FireWire (muunganisho wa zamani wa kompyuta) ziache hata zikiwa za bei ya kutupa. Nenda na maiki yako na waya wa XLR, vaa hedifoni, uzungushe kila kitufe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitufe kinachokwaruza mahali pamoja kwa kawaida kina vumbi na husafishika. Tundu la USB linalopoteza mawasiliano ukitikisa waya ni la kuliacha hapo hapo mezani.